Shanga za Mpakani

1

Fahali alisimama tena.

Ilikuwa mara ya tisa tangu jua lichomoze, kama kweli lilichomoza, maana upande ule wa baridi wa mlima Rungwe ukungu ukishatua hata jogoo huwika kwa kukisia. Mama Lugano alisikia magurudumu sita yakinguruma, kisha kimya, kisha ile sauti ya kike ya mashine iliyofundishwa adabu kupita kiasi:

"Samahani. Kuna mtoto mbele. Nasubiri."

"Mtoto gani tena!" Katibu Gwamaka alifoka kutoka juu ya tuta. "Mama Lugano, hebu nenda ukaone. Siku zimebaki tano, mvua hiyo inakuja, na sisi tunasubiri watoto ambao hata kuzaliwa hawajazaliwa!"

Mama Lugano alifunga vizuri kanga iliyobeba kishikwambi kifuani, akashika ufunguo wa kumwashia Fahali uliokuwa ukining'inia shingoni, akaingia kwenye ukungu. Jina lake la ubatizo lilikuwa Atuganile. Alikuwa ameishia darasa la saba, na ushirika ulimchagua kuwa msimamizi wa Fahali kwa sababu moja: alikuwa anasoma polepole, na hakuwahi kutia sahihi kitu ambacho hajakimaliza.

Alihesabu hatua kumi kutoka pembe za Fahali, vile vyuma viwili vya mbele. Hapo ndipo mashine ilipokuwa imefundishwa kukoma. Hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na sale la mpakani, ule mti wa majani marefu unaopandwa kuonyesha mpaka, na kwenye shingo ya sale, ushanga. Punje nyekundu, punje nyeupe, na ile punje moja nene ya kijivu inayosema na Fahali.

Kando yake alisimama Mama Ipyana na jembe begani, anacheka bila aibu.

"Mama Ipyana, huyu ndiye mwanao?"

"Ndiye. Si unaona alivyorefuka? Kaota na majani."

"Na Ipyana mwenyewe kiunoni kavaa nini?"

"Kavaa kaptula. Niache, dada. Msimu juzi Fahali alipolima kwa Mzee Ambokile alinimegea tuta zima. Msimu jana, tuta lingine. Nikae nikitazama mpaka anilimie jikoni? Nikaona, mnyama huyu haogopi mti, haogopi jiwe, haogopi hata mwenyekiti wa kijiji. Anaogopa mtoto tu. Basi nimempa mtoto."

Mama Lugano alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Hilo lilikuwa kosa la kwanza la siku ile.

Tangu mababu, mtoto wa nchi ile alifungwa shanga kiunoni angali mchanga, mama ajue kama ananenepa au anakonda. Wenye mashine walipoleta Fahali mara ya kwanza walikuja na mikanda ya plastiki ya kuvaa shingoni. Akina mama wakaikataa siku hiyohiyo. Mtoto si mbwa, walisema. Ndipo punje ya kijivu ikatungwa pamoja na shanga za kiunoni, na kila mtoto chini ya miaka kumi akapewa wake, umeandikwa jina na namba. Fahali alikuwa na macho ya kioo, lakini macho ya kioo hayaoni kwenye ukungu. Hapo mwanzo alipewa na pua ya kunusa joto. Wakulima wakalalamika kwamba anasimama kwa kila kuku na kila mbwa, nayo ikang'olewa. Ukabaki ushanga peke yake.

Na kweli ulifanya kazi. Miaka mitatu hakuguswa mtoto. Zamani mama alimlaza mwanawe kwenye kanga pembeni ya shamba, akamwekea dada yake mkubwa wa kumwangalia, na kila matuta mawili alinyanyua kichwa kumtazama. Siku hizi nani anyanyue kichwa? Watoto walicheza katikati ya matuta, Fahali akiwazunguka kama ng'ombe mpole. Kijiji kilijifunza kutotazama.

2

Katibu Gwamaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na haraka yake ilikuwa ya haki. Mvua kubwa zikianza, ule mteremko hugeuka tope, na Fahali akishuka kwenye tope hatoki. Wanaume wengi walikuwa migodini Chunya, baba yake Lugano akiwa mmojawapo. Mikono ya kulima kwa jembe haikuwepo.

"Zinyamazishe hizo shanga," alimwambia Mama Lugano mchana. "Kishikwambi kinaruhusu. Ushanga usiosogea siku tatu unaweza kuuita kitu. Kaone kwa macho yako, ukute uko mtini, bonyeza. Basi."

"Na ukishaitwa kitu, kaka, haurudi kuwa mtoto. Nimesoma. Wenye mashine wameifunga njia hiyo, mpaka uletwe ushanga mpya."

"Utaletwa! Tutaagiza. Sasa hivi tunataka viazi viingie ardhini."

Mama Lugano akazunguka mipaka yote kwa miguu. Hakutaka kuambiwa, alitaka kuona. Na kila alipofika alikuta kitu kilekile: sale, ushanga, na mwenye shamba anayetazama pembeni. Maana jambo lile lilikuwa limeenea kama upele. Fahali akikwepa ushanga wa huyu, anaelemea shamba la yule asiye na ushanga. Asiyetundika ndiye anayelimwa. Basi kila mtu alitundika.

Kishikwambi kilikuwa kinauliza kwa sauti, kwa wale wasiojua kusoma.

"Ushanga namba kumi na saba. Ipyana, miaka sita. Thibitisha: si mtoto."

Mama Lugano akashika sale kwa mkono wa kushoto, akahakikisha ni jani, ni shina, ni mti. Akabonyeza. Si mtoto.

"Ushanga namba ishirini na mbili. Tumpe, miaka mitatu. Thibitisha: si mtoto."

Si mtoto.

Hivyo hivyo, mara thelathini. Kila jina lilipotajwa aliona sura ya mwenye jina, meno yaliyong'oka, kamasi, goti lenye kidonda. Lakini mbele yake ulikuwa mti, na aliyetazama mti akausema mti hajasema uongo. Alijiambia hivyo, na alijiamini.

Ushanga wa thelathini na moja ulikuwa mpakani kwake mwenyewe. Aliutundika wiki tatu zilizopita, jioni ile alipoona Fahali ameng'oa mstari wake wa maharage. Alikuwa amemvua Lugano akiwa analia, akamwambia, "Usilie, ni wa shamba tu."

"Ushanga namba nne. Lugano, miaka minne. Thibitisha: si mtoto."

Kidole kilisita. Akalitazama sale. Ni mti.

Akabonyeza.

3

Siku iliyofuata, saa mbili asubuhi, kipaza sauti cha ofisi ya kijiji kilitangaza kwamba afisa wa wenye mashine anakuja saa nne kukagua. Kila mtoto aonekane na ushanga kiunoni. Familia itakayokutwa mtoto wake hana, itatolewa kwenye zamu za Fahali.

Kama ulikuwa mlimani siku ile ungeona kichekesho. Wanawake walikimbia mipakani kama waliosahau chungu jikoni. Shanga zikavuliwa kwenye masale, zikapanguswa umande kwa pindo la kanga, zikarudishwa viunoni. Mama Ipyana alimfukuza Ipyana kuzunguka nyumba mara tatu ndipo akamshika. Jirani aliyekuwa akimwosha mama mkwe wa Mama Lugano, bibi aliyeachiwa mtoto, alimwona Lugano uani, akamwona hana ushanga, akaenda kuuchukua mpakani akamvalisha. Alifanya wema. Hata hakuona haja ya kusema.

Hakuna aliyekumbuka kumuuliza Mama Lugano. Yeye alikuwa shambani kwa Mzee Ambokile, Fahali akichora matuta bila kusimama hata mara moja, na Katibu akipiga mluzi kwa furaha.

"Umeona? Hii ndiyo kazi! Mnyama kapona!"

Mama Lugano aliketi juu ya gunia la mbegu, kishikwambi mapajani. Kwenye kioo, watoto walio hai kwenye macho ya Fahali walikuwa nukta nyekundu. Vitu vilikuwa nukta za kijivu. Kwa muda alitazama nyekundu tu, kama alivyozoea. Kisha jicho likamwangukia nukta moja ya kijivu, upande wa juu wa shamba.

Ilikuwa inatembea.

Ilisogea kidogo, ikakaa. Ikasogea tena. Ikakaa palepale kwenye njia ya Fahali. Pembeni yake palikuwa na namba. Nne.

Mti hautembei.

Alibonyeza SIMAMA. Kishikwambi kikamuuliza kwa upole: "Tafadhali chagua sababu ya kusimamisha kazi," kikamfungulia orodha ndefu: mafuta, hali ya hewa, mgogoro wa mpaka. Mtoto hakuwemo kwenye orodha, maana kwa mtoto Fahali alisimama mwenyewe.

Akakitupa, akakimbia.

Alikimbia kuelekea mlio, maana macho hayakufika popote. Akajikwaa tutani, akaamka, akajikwaa tena. Alipiga kelele, "Lugano! Lugano!" na ule mlio ukameza jina. Akayafikia matako ya Fahali, akaona kitufe chekundu kikipandapanda mbele yake kama embe juu ya tawi, akajirusha, akakigonga kwa ngumi.

Magurudumu yakalia. Kimya.

"Asante," ilisema sauti. "Njia iko wazi. Tafadhali washa ili kuendelea."

Lugano alikuwa ameketi kwenye mfereji kati ya matuta mawili. Kati ya jembe la chuma na vidole vya miguu yake palikuwa na nafasi ya kiganja. Kanga aliyokuja akiiburuta kutoka nyumbani, ambayo alitaka kulala juu yake karibu na mama, ilikuwa imeshaingia chini ya chuma nusu yake, nayo nusu nyingine alikuwa ameishikilia kwa mikono miwili akiivuta.

"Mama, Fahali kala kanga," alisema, akaanza kulia kwa hasira.

Mama Lugano alimnyanyua. Akamfunua gauni. Ushanga ulikuwepo kiunoni, mwekundu, mweupe, na ile punje ya kijivu. Akaihisi kwa kidole. Ilikuwa ya vuguvugu kwa joto la mwili wa mtoto.

4

Katibu alifika akihema.

"Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Amekwaruzwa?"

"Hapana."

"Basi, Mungu ni mkubwa, hakikutokea kitu." Alivua kofia, akajifuta uso. "Sikiliza, dada yangu. Nisikilize kabla hujafungua mdomo. Afisa anakaribia. Akijua, Fahali anapandishwa lori, na hatumwoni tena. Unakumbuka ule mwaka alipoharibika? Nani alilima? Tulikula nini Februari? Nawe ulizika nani?"

Hapo alimpiga penyewe. Mwaka ule Mama Lugano alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wake Lugano, na maziwa yalikauka.

"Nitapita nyumba kwa nyumba," Katibu aliendelea, kwa sauti ya chini sasa. "Nitawaambia wafunge watoto ndani siku nne. Nne tu! Shanga mpya zitakuja, nani atajua? Njaa nayo inaua, Mama Lugano. Njaa haina kitufe chekundu."

Mama Lugano alimpandisha mtoto mgongoni. Yote aliyosema Katibu yalikuwa kweli.

Saa nne watoto walipangwa mbele ya ghala la viazi. Afisa alikuwa mwanamke kijana kutoka Mbeya, Bi. Edina, mwenye mabuti mapya na uso wa mtu aliyelala vibaya garini. Alipita akifunua mashati, akisoma namba, akiweka alama. Watoto walikuwa wakijikunja kwa kucheka, mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Arobaini na wanne kwa arobaini na wanne," alisema. "Nimekagua vijiji sita, hiki ndicho cha kwanza kukamilika. Hongereni sana, akina mama."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Ipyana alipiga kuliko wote.

Mama Lugano alitazama ule mstari. Kumi na watatu walikuwa watoto. Thelathini na mmoja walikuwa miti, na yeye ndiye aliyewaita hivyo, kwa majina, mmoja mmoja. Kufungwa ndani siku nne! Mtoto gani wa kijijini alifungika ndani? Lugano alikuwa amelindwa na bibi mzima, akatoka.

"Bi. Edina," alisema. "Hongera za hesabu hiyo zirudi. Hesabu ni ya uongo."

Vigelegele vikakatika.

Aliongea bila kupamba. Akaeleza masale, akaeleza matuta yaliyomegwa, akaeleza alivyobonyeza. Akamwita kila mtoto atoke mstarini: Ipyana, Tumpe, Asajile. Kila mmoja alipotoka alisema, "Huyu Fahali hamwoni." Alipofika wa mwisho alimshika mkono Lugano. "Na huyu ni wangu. Huyu nilimtundika mwenyewe na nikamnyamazisha mwenyewe. Asubuhi hii nimemtoa mbele ya jembe. Kanga yake bado iko chini ya chuma, nendeni mkaitazame."

"Umetuuza!" Mama Ipyana alipiga kelele. "Mbele ya mgeni! Kwa nini usingetuambia sisi kwa sisi?"

"Ningewaambia sisi kwa sisi, wewe ungefanya nini?"

"Ningemfunga Ipyana ndani!"

"Leo asubuhi umemkimbiza kuzunguka nyumba mara tatu. Kijiji kizima kimekusikia."

Mtu akacheka, akajizuia.

Bi. Edina alifunga daftari lake. "Kanuni inasema niondoke na mashine."

Hapo Katibu akatoa rai, na ilikuwa rai ya akili. "Afisa, subiri. Zimebaki shanga kumi na tatu zinazofanya kazi. Tuzichukue. Watu wazima wazivae, watembee mbele ya Fahali. Wakisimama, anasimama. Atalima polepole, lakini atalima. Wale watoto kumi na watatu tutawaangalia."

Watu wakaanza kuitikia. Hata Bi. Edina alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

"Hapana," alisema Mama Lugano.

"Kwa nini hapana?" Katibu akageuka. "Unataka nini tena wewe?"

"Ndivyo tulivyoanza, kaka. Tulimvua mtoto kwa sababu nzuri. Kila aliyemvua mwanawe hapa alikuwa na sababu nzuri, na mimi nikiwemo. Sasa unataka tuwavue na waliobaki." Alivua ufunguo shingoni akauinua watu wauone. "Mimi nasema hivi. Ghala hili lina uzio wa mianzi na lango moja. Kila asubuhi kabla Fahali hajawaka, watoto wote wanakuja hapa, mama wawili wanabaki nao kwa zamu, kama tunavyopeana zamu za kulima. Nawahesabu mimi, kwa kuwagusa kichwa. Wakitimia arobaini na wanne, ufunguo unaingia. Wakiwa arobaini na watatu, ufunguo unakaa shingoni kwangu, hata mbingu ianguke. Sitaki kuambiwa yuko wapi. Nataka kumgusa."

Bi. Edina alifungua tena daftari lake. "Lori la kubebea mashine halipatikani mpaka Ijumaa ya wiki ijayo," alisema, kama anayejisemea. Akatoa karatasi. "Utaandika jina lako hapa. Likitokea lolote, ni wewe. Sio ushirika, sio Katibu."

Mama Lugano alisoma ile karatasi yote, mstari kwa mstari, midomo ikicheza, huku kijiji kizima kikisubiri. Kisha akatia sahihi.

5

Siku ya kwanza walitimia saa tatu, na watu wakanung'unika. Siku ya pili walitimia saa mbili. Fahali akalima mpaka jioni. Akina mama waliobaki ghalani walikaanga mahindi, watoto wakaimba hadi wakakauka koo, na wanawake mashambani wakakiri, kwa kunong'ona, kwamba ni raha kulima bila kusikiliza kilio.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya shamba la Mama Ipyana, na mbingu ilikuwa nyeusi.

Fahali alikuwa ameshafikishwa kwenye kichwa cha shamba tangu jana, amesimama pale kando ya njia, hatua chache kutoka ghalani. Mama Lugano alipita akigusa vichwa. Arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na tatu.

Akarudia. Arobaini na tatu.

"Ipyana hayupo," alisema.

"Yuko kwa bibi yake," alisema Mama Ipyana. "Washa."

"Umemwona huko?"

"Najua yuko huko. Kila mvua ikitisha anakimbilia huko."

"Sikukuuliza unajua nini. Nimekuuliza umeona nini."

"Gwe Mama Lugano!" Mama Ipyana alitupa jembe chini. "Tazama juu! Hiyo mvua ina saa moja, mbili ikizidi. Ni shamba langu, ni mtoto wangu, ni mdomo wangu unaosema washa. Unanilipizia kwa sababu nilikwambia umetuuza?"

"Mtu aende kwa bibi."

Katibu mwenyewe alikwenda, mbio, na umri wake ule. Nusu saa ikapita. Upepo ukaanza kulaza migomba. Alirudi ameshika kiuno.

"Bibi hajamwona tangu jana."

Watu wakatawanyika wakiita, huku na huku, mtoni, kwenye mahindi, jina likizunguka mlima. Nusu saa nyingine. Tone la kwanza likaanguka juu ya kioo cha kishikwambi, na ile sauti yenye adabu ikasema bila kuulizwa:

"Mvua inakaribia. Eneo liko wazi. Hakuna mtoto mbele. Washa sasa ili kumaliza kwa wakati."

Wote waliisikia. Na kila mtu pale alitazama ufunguo.

Mama Lugano alihisi shingo ikimwelemea kana kwamba amefungiwa jiwe. Akachuchumaa mbele ya uzio, usawa wa watoto.

"Nani kamwona Ipyana leo?"

Watoto wakatazamana. Hakuna mkubwa aliyekuwa amewauliza.

"Mimi," alisema Lugano. "Tulicheza asubuhi. Tulicheza nyumba."

"Nyumba ipi, mama?"

"Ya chuma. Mimi nilitoka, yeye akasema analala kwanza." Akanyoosha kidole. "Kwenye tumbo la Fahali."

Mama Ipyana ndiye aliyefika wa kwanza. Alipiga magoti kwenye tope lililokwisha kuanza, akaingiza kichwa kati ya magurudumu ya katikati, pale ambapo macho ya kioo hayatazami na orodha yoyote haifiki. Ipyana alikuwa amejikunja juu ya kile kisahani cha chuma kinachobeba majembe, amejifunika gunia, anakoroma. Shati limepanda juu. Ushanga kiunoni, mwekundu, mweupe, na kijivu.

Alimtoa kwa mguu mmoja, kama anavyotolewa ndama. Ipyana akaamka akilia kwamba mvua inamlowesha.

Mama Ipyana alimbeba mpaka langoni, mzito na mkubwa vile, miguu ikining'inia, akamsimamisha mbele ya Mama Lugano. Mama Lugano akaweka mkono juu ya kichwa chenye majani makavu.

"Arobaini na nne," alisema.

Ndipo ufunguo ukaingia.

Mvua iliwakuta Fahali amemaliza nusu ya shamba. Ikabidi aondolewe kabla hajazama, na ile nusu nyingine wanawake waliingia kuilima kwa majembe, kumi na tisa kwa mstari, maji yakiwachuruzika mgongoni, Mama Ipyana akiwa katikati na haimbi. Giza lilipoanza kuwakaribia walikuwa wamefika kwenye sale la mpakani. Lilibaki tuta moja, lile la kugombewa, kati yake na Mzee Ambokile.

"Hili je?" mtu akauliza.

Mama Ipyana aliliangalia, akapangusa jembe lake kwa kidole gumba, akaliweka begani.

"Liacheni," alisema. "Nakwenda kumwona mtoto."

Tuta lile halikulimwa mwaka ule, wala uliofuata, na hakuna aliyeligombea tena.